Betri Iliyofura Ghalani

Mwanachama akisikia Mnazi Mmoja hudhani ni ile yetu ya Unguja. Tunayoitaja leo ni ya Dar es Salaam, penye Mnara wa Mwenge wa Uhuru, hatua chache kutoka Kariakoo. Tulipita hapo tukiwa na betri ya ndege isiyo na rubani, imefura kama andazi, tukitafuta nyingine.

Ndege hizi si ngeni kwetu. Tangu mwaka 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wamezirusha kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani. Sisi nasi twatumia moja kwa shirika, kuyatazama mashamba kutoka juu.

Msimu ulipokwisha tuliijaza betri moto, tukaiweka ghalani chini ya bati, tukaisahau miezi minne. Fundi wa Kariakoo alipoiona hakuuliza imeruka mara ngapi. Aliuliza imelala wapi, na imelala imejaa au vipi. Hapo tukatambua kosa letu.

Betri hizi ni za lithiamu. Ndani yake mna vyumba, na kila chumba kikijaa huwa na volti 4.2. Kikishuka chini ya volti 3 huharibika. Kikikaa kimejaa siku nyingi, hasa penye joto, dawa zilizomo huoza na kutoa hewa, ndipo betri hufura. Mkulima wa karafuu hahitaji maelezo marefu, kwani ajua karafuu mbichi zikirundikwa huchemka na kuharibika.

Basi yafaa tuyashike haya:

Kwanza, betri isiyotumika kwa wiki moja au zaidi iwekwe nusu, yaani volti 3.8 kwa kila chumba. Yenye vyumba vinne isome volti 15.2.

Pili, iwekwe mahali pakavu penye ubaridi, katika sanduku la chuma lisilozibwa kabisa, mbali na majamvi, magunia na mafuta ya taa. Hewa ya pwani ina chumvi, kwa hiyo ncha zake zipanguswe kwa kitambaa kikavu.

Tatu, itazamwe kila mwezi. Ikiwa imeshuka, iongezwe kidogo.

Nne, itokapo kuruka iachwe ipoe kabla ya kutiwa moto, na mtu asiiache peke yake ikiwa katika chaja.

Tano, msafiri wa ndege abebe betri za akiba mkononi, si katika mzigo wa chini, na ncha zake zifunikwe kwa utepe.

Sita, iliyofura isitiwe moto tena, isitobolewe, wala isitupwe jaani. Iwekwe nje juu ya mchanga, kisha ipelekwe kwa wanaopokea betri mbovu. Ikiwaka, watu wakae mbali na moshi wake, kwani ni sumu. Maji mengi huipoza, na mchanga huzuia moto usienee.

Betri mpya ilitugharimu fedha, lakini twashukuru. Ile ya kwanza ililala hatua tatu tu kutoka magunia yetu. Ingaliwaka usiku, tungalipoteza jasho la msimu mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawaomba wenzetu wenye ndege hizi wakazitazame betri zao leo, kabla jua halijatua.