Mradi huliwa na siku za kusubiri

Wiki hii ukurasa wa soko unaweka kando bei za mahindi, maharage na dola, ili kutazama jambo linalowala wafanyabiashara fedha bila kuonekana katika daftari la mauzo: mradi unaochelewa. Kiwanda kidogo, ghala jipya, tawi la duka au hata kubadilisha mfumo wa hesabu ofisini, yote ni miradi. Mingi huanza kwa mbwembwe, kisha ikakwama.

Lawama ya kwanza huwaangukia mafundi na wafanyakazi, kwamba ni wavivu. Wapo wavivu, lakini mara nyingi chanzo ni mpangilio. Kitu kinachochukua muda mrefu kufika ndicho kilichoagizwa mwisho.

Tuchukue mfano wa mashine ya kukoboa na kusaga mahindi. Tuseme mfanyabiashara wa Morogoro amekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Mashine inatoka nje. Tangu malipo ya awali hadi kufika bandari ya Dar es Salaam ni wiki 12. Kuitoa bandarini na kuisafirisha wiki mbili. Kuifunga wiki moja na kuijaribu wiki moja. Jumla wiki 16. Banda linahitaji wiki sita. Umeme wa njia tatu, pamoja na transfoma, tuuwekee wiki kumi.

Desturi ya wengi ni kuanza na banda, kwa sababu tofali linaonekana na majirani wanapongeza. Likishaezekwa ndipo mwenye mali anaanza kuulizia mashine. Kwa mtindo huo kazi inakwisha baada ya wiki 22. Angeagiza mashine siku ya kwanza, banda na umeme vingekwenda sambamba na safari ya meli, na wiki ya 17 angekuwa anauza unga.

Wiki hizo sita, ikiwa mkopo wote umeshatoka benki, ni riba ya karibu shilingi milioni moja na robo. Na riba ndiyo hasara ndogo. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, mahindi mengi huvunwa kati ya Mei na Agosti, na bei huwa chini. Anayefungua mashine baada ya hapo hununua mahindi kutoka stoo za waliomtangulia, kwa bei wanayotaka wao.

Hesabu ya namna hii si ngeni. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani, kwa kushirikiana na Remington Rand, ilianza kubuni njia ya kutafuta mfululizo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana, kwa kuwa huo ndio unaoamua tarehe ya kumaliza. Vyuoni hufundishwa kwa michoro ya mishale inayotisha. Mwenye mashine ya unga hahitaji mishale. Anahitaji karatasi yenye orodha ya kazi, na kwa kila kazi ajiulize: hii haiwezi kuanza mpaka nini kiwe kimekwisha?

Hata miradi ya taifa hukutana na swali hilo. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ulizinduliwa Aprili 2017, ukitarajiwa kukamilika mwaka 2019. Mkataba wa vichwa 17 vya umeme na seti kumi za treni, zile ambazo abiria wanaziita mchongoko, ulisainiwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini mwaka 2021. Abiria walianza kusafiri Juni 2024. Ucheleweshaji ule una sababu zaidi ya moja, lakini tarehe hizo zinaonyesha kwamba reli inaweza kutandazwa na bado ikasubiri cha kupita juu yake.

Turudi bandani. Mashine hufungwa kwa bolti zilizozamishwa katika zege, hivyo fundi anahitaji mchoro wa msingi wenye vipimo vya matundu. Mchoro huo udaiwe kwa muuzaji pamoja na ankara ya awali, kabla ya kulipa. Wasiofanya hivyo humwaga sakafu kwa kukisia, kisha huivunja kwa nyundo mashine ikifika. Aidha, zege huhesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Kuongeza vibarua hakupunguzi siku hizo, ingawa wapo matajiri ambao bado wanajaribu.

Kuhusu vikao, kimoja kwa wiki kinatosha, tena cha kusimama. Fundi akisema kazi imefika asilimia 90, usimpongeze. Muulize kimebaki nini, na kinahitaji siku ngapi. Wiki inayofuata muulize vilevile. Kama siku hazijapungua, nenda mwenyewe ukatazame. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Kazi ya watu watatu huwa haina mwenyewe, hasa ile ya kufuatilia karatasi za forodha, ambako mizigo iliyopitisha muda wa bure huanza kudaiwa tozo kwa kila siku.

Siku za akiba ziwekwe mwishoni, mikononi mwa mwenye mradi. Ukimgawia kila fundi siku zake tano za ziada, atazitumia zote. Malipo nayo yafuate hatua zilizokwisha, na sehemu ya mwisho izuiliwe hadi mashine isage magunia kadhaa mbele ya macho yako, kwa umeme wa gridi na si kwa jenereta ya kuazima.