Mwandikishaji wa bima ya afya ni kinga ya mtaji Kisaki

MCHUUZI wa mpunga wa Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, huhesabu gharama zake kwa gunia: bei ya shambani, vibarua, ushuru, nauli ya mzigo hadi Morogoro mjini. Gharama moja haimo katika daftari lake mpaka siku inapobisha hodi, nayo ni ugonjwa wa mtu wa nyumbani. Hapo gunia huuzwa kwa bei ya hasara kwa mnunuzi wa kwanza aliye na fedha taslimu, na msimu unaofuata mchuuzi huanza na mtaji pungufu.

Bima ya gharama hiyo si jambo geni vijijini, ila kwa muda mrefu iliuzwa mahali pasipofaa. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001. Kaya ilijiandikisha kwenye kituo cha tiba. Mfanyabiashara yeyote angeweza kutabiri matokeo: mwenye afya hakuwa na sababu ya kufika dirishani, na aliyefika mara nyingi tayari alikuwa na mgonjwa. Mfuko ukabaki na walaji wengi kuliko wachangiaji, ingawa Serikali iliongezea michango kwa utaratibu wa Tele kwa Tele.

Mlangoni badala ya dirishani

Mabadiliko yaliletwa na mradi wa HPSS Tuimarishe Afya, uliofadhiliwa na Uswisi, ulioanza Dodoma mwaka 2011 na baadaye kuingia Morogoro na Shinyanga. Kila kijiji kilipewa afisa mwandikishaji, mkazi wa hapo hapo aliyefunzwa kazi. Alipita nyumba kwa nyumba, akaeleza masharti, akajaza majina na kupiga picha za wanakaya kwa simu. Taarifa zilikwenda kwenye mfumo wa kompyuta uitwao IMIS, ambao sasa unatumika hata Nepal kwa jina la openIMIS. Mwananchi hakutozwa kitu kwa msaada huo. Alitoa mchango wa bima tu. Mwandikishaji alilipwa kamisheni na mfuko, kwa hiyo naye alikuwa na sababu ya kutembea.

CHF iliyoboreshwa ilipoenezwa nchi nzima kuanzia 2018, kaya ya watu hadi sita nje ya Dar es Salaam ilichangia Sh. 30,000 kwa mwaka. Hiyo ni Sh. 5,000 kwa kichwa, au kama Sh. 82 kwa siku kwa nyumba nzima. Kwa kulinganisha, Ushirika Afya ya NHIF kwa wakulima wa vyama vya ushirika ilikuwa Sh. 76,800 kwa mtu mmoja.

Urahisi huo ulikuwa na mipaka yake. Kadi ilifuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa kwa barua ya rufaa. Aliyeruka ngazi alijilipia. Hili ndilo jambo ambalo mwandikishaji mzuri alilieleza kabla ya kupokea fedha, na mbaya alilinyamazia.

Dawa nazo zilikuwa kikwazo. Mwanachama aliyeambiwa akanunue dukani hakuona sababu ya kulipia mwaka wa pili. Utaratibu wa Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014, uliviwezesha vituo kununua kwa mshitiri binafsi pale Bohari ya Dawa inapoishiwa.

Sheria mpya

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Viwango vya zamani visichukuliwe kuwa bei ya leo: kabla ya kulipa, mnunuzi aulize ofisi ya kijiji, zahanati au NHIF kuhusu kifurushi, idadi ya wanakaya wanaoingia na hospitali zinazopokea kadi.

Kenya, iliyoanza SHA Oktoba 2024, iliruhusu watu wajiandikishe wenyewe kwa simu, lakini bado ilituma wahudumu wa afya ya jamii majumbani kuwasaidia. Simu haijibu swali la bibi anayetaka kujua kama mjukuu anayelelewa naye anahesabiwa.

Kwa Kisaki, wakati mzuri wa kumwita mwandikishaji ni baada ya mavuno, fedha ya mpunga au ufuta ikiwa bado mkononi. Awekewe tayari majina kamili ya wanakaya, tarehe za kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA kwa walio navyo. Malipo yapite kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na ujumbe wa simu au risiti itunzwe pamoja na hati za mazao. Anayedai fedha ya "fomu" au ya "usumbufu" aripotiwe kwa mtendaji wa kijiji.