"DO NOT": Kusoma makatazo ya Kingereza ku bidoni za dawa



Upande wa Beni, Butembo na Bunia, kuko dawa za kupulizia mashamba zinazopitia Uganda, na etiketi yao ni ya Kingereza. Sisi wengi tulisoma Kifaransa. Mu Kifaransa, mara nyingi katazo linazunguka kitendo: "ne" mbele, "pas" nyuma. Mu Kingereza yote inakuja mbele: "Do not", ao kwa kifupi "Don't". Ukiruka hayo maneno mawili, katazo linageuka kuwa amri.

Angalia hii: "Do not induce vomiting." Maana yake: mutu akikunywa dawa, usimutapishe. Ukisoma tu mwisho, utamutapisha, na hapo ndipo unaweza kumuua. Dawa nyingine zimechanganywa na mafuta ya jamii ya petroli. Mutu akitapika, yanaweza kuingia mu mapafu. Nyingine zinaunguza koo mara ya pili. Mumukimbize ku kituo cha afya, na bidoni yenyewe, ili munganga asome jina la dawa.

"Do not reuse container": bidoni ikiisha, usitie ndani maji, mawese wala kasiksi. Tunajua bidoni ni mali mu nyumba. Hata hivyo, hapana. Uioshe mara tatu, maji yake uyatie mu pompi ya kupulizia, kisha uitoboe.

"Do not harvest within 14 days": usivune mpaka siku 14 zipite, kuhesabia siku ya mwisho ya kupulizia. "Never" ni kali zaidi: hata siku moja.

Makatazo mengine hayana "not". "Avoid contact with skin": dawa isiguse ngozi. "Keep out of reach of children": weka pahali mikono ya watoto haifike. Tena "must not" ni katazo, lakini "do not have to" inasema tu si lazima, ukipenda, fanya.

Kifaransa nacho kinadanganya. "Caution" ya Kingereza si ile feza ya dhamana, ni "angalia!" Na "hazard" si "hasard", ni hatari.

Mukanda mwekundu chini ya etiketi unaonyesha sumu kali sana. Ukiuona, usifungue bidoni kabla memba wa koperative anayejua Kingereza hajakusomea etiketi yote.