Karani Yuko Chennai, Mamlaka Yako Wapi?

Kontena la vigae likitoka Shanghai kuja Dar es Salaam, tunachokiona ni kreni, meli na lori linalosubiri getini. Karatasi zake hupita njia nyingine kabisa. Mara nyingi anayeingiza maelezo ya hati ya shehena kwenye mfumo ni kijana aliyeketi Chennai, Manila au Chengdu, huku wa meza ya pili akiandaa ankara. Kampuni ya meli ya Maersk peke yake ina vituo vya huduma za pamoja katika miji hiyo mitatu, na vingine Mumbai na Pune. DHL iliweka vituo vyake vikubwa vya kompyuta Prague na Cyberjaya, Malaysia.

Sekta ya usafiri haikuiga mtindo huu, ilikuwa miongoni mwa walioufungulia njia. British Airways ilianzisha kampuni ya WNS mwaka 1996 ili kazi zake za ofisini zifanyike Mumbai. Mshahara mdogo ulivutia, bila shaka, lakini palikuwa na sababu nyingine. Kampuni yenye ofisi katika nchi zaidi ya 100 ilikuwa na namna lukuki za kuandika ankara moja, na makosa yalijificha humo kwa miaka. Kuzikusanya kazi hizo mahali pamoja kulileta utaratibu, na faida hiyo ni ya kweli.

Shida huanza pale jambo linapokwenda kombo. Tuseme uzito wa kontena umeandikwa kilo 24,600 badala ya 26,400. Manifesti imeshafika forodha na hailingani na nyaraka za mwagizaji. Wakala wa forodha anampigia simu ofisa wa kampuni ya meli aliye hapa hapa mjini. Zamani ofisa huyo angefungua faili, akahakikisha, akasahihisha. Siku hizi anafungua tiketi kwenye mfumo. Tiketi ya saa kumi alasiri inafika India saa kumi na mbili na nusu jioni, na karani wa kule, hata akiliona kosa kwa macho yake, hana ruhusa ya kuligusa mpaka ofisi ya bandari ya kupakia ikubali. Siku za bure zikiisha, tozo ya kontena na ya kuhifadhi mzigo zinaanza kuhesabiwa. Anayebeba gharama hizo ni mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye kosa si lake.

Wengi humlaumu karani wa Chennai, na hapo wanakosea. Ni mtu mwenye elimu na anaijua kazi yake. Viongozi ndio waliohamisha kazi wakabaki na mamlaka, kisha wakaweka kipimo cha tiketi zilizofungwa kwa siku badala ya mizigo iliyotoka bandarini.

Ushahidi kwamba tatizo ni mamlaka ulipatikana kwa njia chungu. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliiangusha mifumo ya Maersk. Vituo 17 kati ya 76 vya bandari vya kundi hilo viliathirika, na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 250 hadi 300. Ilibidi seva 4,000 na kompyuta 45,000 zisukwe upya kwa siku kumi. Nakala ya seva inayotambua watumiaji wa mtandao mzima ilikuwa imefutika kote, isipokuwa Ghana, ambako umeme ulikatika kabla kirusi hakijafika. Nakala hiyo ilihitajika Uingereza, lakini hakuna mfanyakazi wa ofisi ya Ghana aliyekuwa na viza ya huko, hivyo mmoja alisafiri na diski yake hadi Nigeria, akaikabidhi kwa mwenzake aliyeipeleka London.

Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi lilitokea kwingine. Mtendaji mkuu wa wakati huo, Søren Skou, aliwaruhusu watu wa mstari wa mbele wafanye wanaloona linamfaa mteja bila kusubiri makao makuu, gharama zitabebwa na kampuni. Wakapokea oda kwa WhatsApp. Mwenyekiti wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema baadaye kwamba shehena ilipungua kwa asilimia 20 tu. Mifumo ilikuwa imelala, lakini watu waliokuwa na ruhusa ya kuamua waliendelea kusafirisha sehemu kubwa ya mizigo.

Mafunzo kama hayo husahaulika bei za usafirishaji zinaposhuka. Novemba 2023 mtendaji mkuu mpya, Vincent Clerc, alitangaza kupunguza wafanyakazi kutoka 110,000 hadi chini ya 100,000. Katika upunguzaji wa namna hiyo, popote unapofanyika, ofisi ya nchi ndiyo rahisi kukatwa, maana thamani ya ofisa anayejuana na forodha haionekani kwenye jedwali la gharama.

Kenya nayo inazitaka kazi hizi, na tangu kebo za intaneti za chini ya bahari zifike Mombasa mwaka 2009 ina haki ya kuzitaka. Wanaojadiliana na kampuni hizo wasiishie kuuliza idadi ya viti na mishahara. Waulize karani atakayeketi Nairobi ataruhusiwa kusahihisha nini kwa idhini yake mwenyewe, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.