Kulala Bure Katika Ardhi ya Umma: Starehe Huja kwa Mpango

Ndugu zetu askari na polisi hawahitaji kufundishwa kulala porini. Wengi wao wamekwisha kuona usiku wa baridi, mvua iliyowakuta bila turubai, na asubuhi isiyo na maji ya kunawa. Hata hivyo, leo twapenda kuwaeleza habari za raia wa Marekani ambao huenda kulala porini kwa hiari yao, ndani ya magari yao wenyewe, pasipo kulipa hata senti moja. Twazisimulia kwa sababu zina fundisho ambalo mtu wa kambi atalitambua mara moja: starehe ya kambi haitokani na wingi wa vyombo, bali hutokana na mpango na nidhamu.

Yafaa kwanza tujue ardhi hiyo ni ya nani. Katika majimbo ya magharibi ya nchi hiyo, serikali kuu ina ardhi kubwa mno; katika jimbo la Nevada yamiliki kiasi cha sehemu nne katika kila tano. Idara ya Usimamizi wa Ardhi hutunza kiasi cha ekari milioni 245, na Idara ya Misitu kiasi cha ekari milioni 193. Sheria iliyopitishwa mwaka 1976 ilikata shauri kwamba ardhi iliyo chini ya idara ile ya kwanza, kwa kawaida, ibaki mali ya umma. Kwa hiyo sehemu nyingi zi wazi kwa msafiri: hakuna lango, hakuna mlinzi, hakuna bomba wala choo.

Lakini bure si holela. Aghalabu mtu huruhusiwa kukaa mahali pamoja muda usiozidi siku 14, kisha hana budi kuhama. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamarekani humvumilia mgeni wao kwa majuma mawili, nao hawampi jembe, ila humwonyesha njia. Tena si kila pori ni la umma. Shamba la mtu, ardhi ya jimbo na hifadhi ya taifa, kila moja ina kanuni zake. Ndiyo maana msafiri mwenye busara huanza safari yake mezani, ramani ikiwa mbele yake, na huuliza katika ofisi ya idara inayohusika kabla hajawasha gari.

Baada ya ramani huja hesabu. Kipimo cha chini cha maji ya kunywa na kupikia ni kiasi cha lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku. Basi watu wawili kwa siku 14 wahitaji lita 112, yaani jerikani 6 za lita 20. Na jangwani wakati wa joto hata hizo hazitoshi. Petroli hupimwa kwa kwenda na kurudi, na kituo cha mwisho cha mafuta hakipitwi bila kujaza tangi. Kwa kuwa simu mara nyingi haishiki huko, msafiri huacha nyumbani habari kamili za mahali aendako na siku atakayorudi.

Mahali pa kulala huchaguliwa kabla jua halijatua. Palipokwisha kulaliwa na wengine ni bora kuliko kuponda majani mapya. Gari lisimame sawasawa, hata ikibidi kuweka mbao chini ya magurudumu, kwani alalaye kichwa chini haamki na nguvu. Korongo kavu lenye mchanga laini huvutia macho, lakini ni mtego: mvua iliyonyesha mbali, msafiri asiione wala kuisikia, huweza kulijaza maji kwa ghafla. Na ndani ya gari lililofungwa, jiko la mkaa au injini inayonguruma huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Chakula na kipikwe nje. Baridi na ipigwe vita kwa mablanketi.

Haja kubwa hufukiwa katika shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji. Takataka zote hurudi na mwenyewe. Moto, pale unaporuhusiwa, huzimwa kwa maji, hukorogwa, tena huzimwa, mpaka majivu yaguswe kwa mkono yasiunguze.

Haya si adabu tu. Kandokando ya mji wa Moab, jimbo la Utah, wageni walizidi wingi, na sasa katika sehemu nyingi hulali ila penye alama. Mwezi wa Mei 2025 sehemu ya msitu wa Deschutes, karibu na mji wa Bend katika jimbo la Oregon, ilifungwa ili kupunguza miti na vichaka vinavyochochea moto. Humo walikuwamo watu wasio na nyumba, wakiishi katika magari na mahema, nao walitakiwa kuondoka. Kwa mtu wa likizo ardhi ya bure ni burudani. Kwa hao ilikuwa kimbilio la mwisho. Aachaye uchafu au moto nyuma yake huwapa wakuu sababu ya kufunga njia, na mlango ukifungwa, aumiaye zaidi ni yule asiyekuwa na mlango mwingine.

Ndugu askari, ninyi mwajua kwamba kambi hukaguliwa mara mbili: siku ya kuipiga na siku ya kuivunja. Ukaguzi wa pili ndio ulio mkubwa. Kambi iliyovunjwa vema ni ile ambayo apitaye kesho yake hawezi kujua kwamba ilikuwapo.