Risasi Moja Haitoshi

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Shambulio lilifaulu. Je, lathibitisha kuwa mzinga ule ulikuwa na shabaha nzuri? La, hasha! Pigo moja huweza kuwa bahati tu.

Katika uwanja wa shabaha, bunduki huegemezwa juu ya mifuko ya mchanga ili mtikisiko wa mikono upungue, kisha risasi tano hupigwa kwa kulenga nukta ile ile. Matundu yakitawanyika ovyo, kosa ni la kubahatisha: huenda mtutu umechakaa, au risasi hazilingani. Lakini yakikusanyika pamoja, yote upande wa kulia, kosa ni la kudumu, nalo hurekebishika. Tuseme shabaha iko mita 100, matundu yamepotoka sentimita 10, na vilengeo viwili vya bunduki vimeachana sentimita 50. Kilengeo cha nyuma hakina budi kusogezwa kushoto nusu milimita tu!

Kila kipimo kina makosa haya mawili. Mkulima wa kahawa wa Mbinga apimaye gunia moja mara tano na kupata jibu lile lile asiridhike upesi, kwani mizani huweza kukosea bila kubadilika, na hasara ikawa yake kila msimu. Kwanza na aijaribu kwa jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana.