Ngoma na Hadithi Katika Mwambao wa Rumonge

Ukitoka Bujumbura, Burundi, kwenda kusini, barabara inaliandama Ziwa Tanganyika: kulia maji, kushoto milima iliyosimama wima. Njiani, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley, waliopita hapo mwaka 1871. Kilomita 70 na ushei kutoka Bujumbura unaingia Rumonge, mji wa mawese na samaki. Michikichi imesogea hadi nyuani mwa nyumba, na usiku taa za wavuvi wa ndagala, ndio dagaa wetu, huenea ziwani. Mtu wa Kigoma hajioni mgeni hapa. Misikiti ipo, na sokoni Kiswahili kinasemwa pamoja na Kirundi.

Sehemu ya Kiswahili hicho imetokana na machungu. Aprili 1972 uasi ulizuka katika mwambao huu, na kisasi cha jeshi kikaua watu wengi mno nchi nzima. Waliookoka wengi walikimbilia kwetu Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walioanza kurudi kwa wingi mwaka 2008 walikuja na watoto, hata wajukuu, waliozaliwa Tanzania. Wengi walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Baadhi yao walijengewa vijiji vya amani, kimojawapo Mutambara, hapo hapo Rumonge, ambako waliorudi wanaishi ukuta kwa ukuta na wasiowahi kuondoka.

Kijana aliyelelewa Ulyankulu ataifahamu vipi nchi ya babu yake? Vitabu peke yake havitoshi. Burundi ina mlango mpana zaidi, nao ni ngoma. Ngoma kumi na zaidi, idadi yake daima witri, hupangwa nusu duara kuizunguka moja ya katikati. Wapigaji hupokezana kuiendea, wakiruka na kuimba bila mkono kupoteza mapigo. Magogo yake huchongwa kwa mti uitwao umuvugangoma. Zamani zilikuwa za mfalme, zikilindwa na koo maalumu katika mahali patakatifu kama Gishora, karibu na Gitega, na zililia katika Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, ngoma zikabaki. UNESCO iliziandikisha kuwa urithi wa binadamu mwaka 2014. Ujuzi wake hupatikana kwa kutenda: mdogo husimama nyuma ya mkubwa, akaiga hadi mwili ukakubali.

Kusini zaidi, watu wa Makamba wana agasimbo, ngoma ya kucheza kwa miguu myepesi. Jioni ni zamu ya hadithi, na Samandari, mjanja wao, angeelewana vizuri na Abunuwasi wetu. Hadithi hizi ndizo shule bora ya Kirundi kwa mtoto aliyekuja na Kiswahili tu, kwa kuwa anacheka kwanza, maneno yanafuata.

Lipo jambo moja linaloniuma. Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizi, ikawaachia kucheza tu, na ikataka vikundi viwe na kibali cha serikali. Naelewa nia ya kulinda heshima ya ngoma ya kifalme. Lakini binti wa Mutambara alirudi nchini kwa njia ile ile aliyorudia kaka yake, na ana haki ile ile ya kushika mirisho, vijiti vya kupigia ngoma. Amri hiyo inastahili kufutwa.